Wazee wa Amani

Kila kazi ina salamu zake. Walimu wastaafu tukikutana huulizana habari za wanafunzi: fulani sasa ni daktari, fulani amekuwa diwani, fulani ameharibikiwa. Lakini wazee waliofanya kazi katika maabara ya Amani, kule juu milimani, wanapokutana hapa Muheza, sokoni au nje ya msikiti, swali la kwanza baada ya salamu huwa moja tu: "Nani tena?" Maana yake ni nani aliyefariki tangu tulipoachana. Hesabu hiyo ikiisha ndipo zinapofuata habari za miguu na presha, habari za wajukuu, bei ya mihogo, na mwishowe, kama jua halijazama, habari za kazi.

Mimi sikufanya kazi Amani. Nilikuwa mwalimu, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nilipostaafu nikajenga Muheza, na jirani zangu wawili wa karibu wakawa wasaidizi wa maabara wastaafu. Kwa kuwa mwalimu hudhaniwa anajua kuandika kila kitu, wazee hao wakaanza kuniletea kazi ambayo haimo katika muhtasari wowote niliopata kuufundisha: kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa msibani kabla ya neno la shukrani. Kwa kazi hiyo nimeingia katika historia ya Amani kwa mlango wa uani, na ningependa kukueleza, ndugu msomaji, nilichokiona kwa upande huo.

Mlango wa mbele unajulikana. Wajerumani walianzisha taasisi ya Amani mwaka 1902, ndani ya misitu ya Usambara Mashariki, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, na baada yake akaja Albrecht Zimmermann. Shabaha yao ilikuwa kujua ni mmea gani utakaoleta fedha katika koloni, kwa hiyo wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia ya joto: mikwinini, mipira, mikafuri, viungo vya kila aina. Bustani ile bado ipo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya bahari, maabara iligeuka kiwanda, ikatengeneza kwinini, sabuni, mishumaa, na hata pombe kali. Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka. Palipooza kwa miaka kadhaa, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 walipoifufua kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, chini ya William Nowell.

Katika kituo hicho yalifanyika mambo makubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo, alilipa jina la katena ule mpangilio wa udongo unaobadilika kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. (Mkulima yeyote wa milimani atakuambia kwamba udongo wa juu na wa bondeni si mmoja, lakini hakuna aliyemwomba aandike.) Neno hilo limo leo katika vitabu vya udongo duniani kote, na mimi mwenyewe nimelifundisha kwa miaka mingi bila kujua kwamba lilizaliwa kwa jirani.

Habari ya mihogo ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu tunaila. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa ukikunja majani ya muhogo Afrika Mashariki nzima. Pale Amani, H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza kuuzalisha muhogo na jamaa yake wa porini, ule mti uitwao mpira wa Ceará. Mti huo una uwezo wa kuvumilia virusi, ila mizizi yake hailiki. Ikabidi uzao wake urudishwe kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi inenepe tena na ukinzani ubaki. Kazi hiyo iliendelezwa na D. L. Jennings hadi miaka ya 1950. Mbegu zilizotokana na mche wenye namba 5318/34 zilipelekwa Nigeria, na humo ukachaguliwa mche ulioitwa 58308. Baadaye taasisi ya kimataifa ya kilimo ya Ibadan iliutumia kuzalisha aina mpya, na aina za ukoo huo ndizo zilizosaidia kuiinua mihogo ya Uganda batobato kali lilipoifagia katika miaka ya 1990. Kadhalika muhogo wa Amani wenye namba 46106/27 uliingia mashambani kimya kimya ukabadilishwa jina. Pwani ya Kenya unaitwa Kaleso, na huku Tanzania uko muhogo uitwao Namikonga. Wataalamu wa vinasaba walipovipima viwili hivi, wakaona ni kitu kimoja.

Sasa tazama majina niliyoyataja. Storey, Nichols, Jennings. Sina neno nao; walifanya kazi ya maana. Lakini kuzalisha muhogo kwa mkono si kazi ya watu watatu. Ua hufunikwa kabla halijafunguka, chavua huchukuliwa saa yake, kila tunda hufungiwa lisije likapasuka na kutawanya mbegu, maelfu ya miche hupandwa, hupaliliwa na kukaguliwa jani kwa jani. Nani alifanya hayo? Katika makala za wakati ule watu hao hawana majina. Ni "vibarua" tu, na mara nyingine hata neno hilo halipo. Sentensi inaandikwa kana kwamba maua yalijifunika yenyewe.

Ndivyo ilivyo pia kwa kamusi ya majina ya mimea aliyoitunga P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani. Toleo la mwaka 1940 lina majina ya Kiswahili ya mimea yetu pamoja na yale ya kitaalamu. Ni kitabu kizuri, na wanafunzi wangu wangeneemeka nacho kama tungekuwa na nakala za kutosha. Lakini jina la mti halisomeki kwenye jani lililokaushwa. Yupo mtu aliyesimama chini ya mti akasema huu ni mvule, huu ni mkulo, na yupo aliyebishana naye. Hifadhi ile ya mimea iliyokaushwa ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na Greenway akaenda nayo. Waliotamka majina walibaki milimani.

Wakati watu wa kilimo walipokuwa wakihamia Muguga, karibu na Nairobi, watu wa malaria walikuwa wakipanda kuja. Kitengo chao kilianzishwa hapa Muheza mwaka 1949 chini ya Dakta Bagster Wilson, na baada ya muda mfupi kikahamia katika majumba ya Amani. Ikawa taasisi ya malaria na magonjwa yaenezwayo na wadudu, kwa nchi zote za Afrika Mashariki. Ndiyo iliyoendesha mradi wa Pare na Taveta katika miaka ya 1950, nyumba za wananchi zilipopuliziwa dawa ya dieldrini ili ionekane kama malaria inaweza kukomeshwa. Ndimo alimofanyia kazi Mick Gillies, aliyekuja kuandika pamoja na Botha de Meillon kitabu kikubwa cha mbu wa Afrika kusini mwa Sahara, mwaka 1968. Ndimo walimokuwa John Raybould, na Mtanzania Philip Wegesa aliyechunguza ugonjwa wa usubi na baadaye akawa mkurugenzi.

Jirani zangu waliajiriwa katika miaka ya 1960, vijana wa darasa la nane. Wanapokaa barazani kwangu hawasemi "mwaka 1967". Husema "wakati wa kaa" au "wakati wa kupasua". Ilinichukua muda kuelewa. Wakati wa kaa ni ule waliopokuwa wakitumwa kwenye vijito vya Usambara kukamata kaa wa maji baridi, kuwageuza na kuwatazama kwapani na kifuani, kwa sababu viluwiluwi wa baadhi ya inzi waenezao usubi hupanda juu ya kaa na kukulia hapo. Mzee mmoja bado anaweza kukuambia, kijito kwa kijito, wapi kaa walikuwa na viluwiluwi na wapi hawakuwa nao, na maji yalikuwa na kina gani.

Wakati wa kupasua ni habari ya umri wa mbu. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya mbu huhitaji kama siku kumi hadi kumi na nne kabla hakijafika kwenye tezi za mate. Kwa hiyo mbu kijana hana madhara hata akuume usiku kucha. Mwenye hatari ni mbu mzee. Anayetaka kujua kama dawa ya kupulizia inafanya kazi hana budi kujua mbu wa kijiji hicho wana umri gani. Na umri huo unasomwa kwa kumpasua mbu jike chini ya hadubini, kwa sindano mbili, kuvuta kifuko cha mayai na kuhesabu vijivimbe vidogo katika mrija wake. Kila mara atagapo mayai hubaki alama. Gillies na T. J. Wilkes walitoa makala mwaka 1965 kuhusu umri wa mbu wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania, makala inayotajwa mpaka leo.

Jirani yangu alinionyesha siku moja namna ya kuvuta. Hakuwa na mbu wala hadubini. Alichukua sindano mbili za kushonea za mke wangu na kipande cha ndizi mbivu. Mikono yake hutetemeka anaposhika kikombe cha chai, nami nimezoea kumjazia nusu. Alipozishika zile sindano mikono ikatulia kabisa. Akaniambia kwamba ukivuta kwa nguvu mrija unakatika na mbu huyo amepotea, ukivuta kwa woga hautoki. Akasema hakuna kitabu kinachoeleza nguvu hiyo ni kiasi gani.

Na palikuwa na kazi ya usiku. Watu walikaa ndani ya nyumba za vijijini au nje chini ya miti, suruali zimekunjwa hadi magotini, tochi mkono mmoja na bomba la kunyonyea mkono mwingine, wakingoja mbu atue mguuni ili wamkamate. Saa kwa saa, tangu jua kuchwa hadi alfajiri, kila kundi la mbu likiwekwa katika kikombe chake chenye saa yake. Hivyo ndivyo ilivyojulikana mbu gani huuma saa ngapi. Wenyewe walijiita chambo, kwa mzaha.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Amani ilikuwa mali ya Jumuiya, na kwa usiku mmoja, kama wazee wasemavyo, wenzao wa Kenya na Uganda wakawa wageni. Kwa sheria ya mwaka 1979 ikaundwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Amani ikawa kituo chake. Kazi zikaendelea, lakini haki za watumishi wa iliyokuwa Jumuiya zikawa kesi ndefu kuliko utumishi wenyewe. Palifikiwa makubaliano ya nchi tatu mwaka 1984, na mengine mahakamani mwaka 2005, na malalamiko hayakuishia hapo. Nataja jambo hili si kwa kufufua madai, bali kwa sababu ndilo lililowaweka wazee hawa pamoja. Vikao vya mafao vilianza kwa kuitana majina, na ili mtu alipwe ilimbidi apate mwenzake wa kushuhudia kwamba walifanya kazi pamoja, idara gani, tangu lini. Barua zilikuwa zimepotea. Ushahidi ukawa kumbukumbu. Hivyo watu ambao hakuna karatasi iliyowataja walijikuta wanalazimika kukumbukana kwa usahihi. Naamini bila shida ile tusingekuwa na historia hii hata kidogo.

Nilikwisha kusema kwamba mimi huandika wasifu. Wa kwanza niliousikia ukisomwa kabla sijaanza kazi hiyo ulikuwa wa mzee aliyekaa Amani zaidi ya miaka thelathini. Ulisema: "Marehemu alikuwa mtumishi wa serikali hadi alipostaafu." Basi. Ukapita kwenye idadi ya watoto na ugonjwa uliomwondoa. Mzee mwenzake, aliyekuwa amekaa chini ya mwembe, akasimama bila kuitwa na kusema, "Huyu ndiye aliyetufundisha sote kupasua." Kijana mwenye kipaza sauti akamwomba akae, kwa kuwa ratiba ilikuwa imebana. Akakaa.

Tangu hapo kila ninapoletewa kazi hii nauliza maswali kama ya mtihani. Alianza lini? Chini ya nani? Aliweza kufanya nini ambacho mwingine hakuweza? Wafiwa huchoka nami, lakini wazee hawachoki. Wanakaa wawili watatu wakasahihishana: si yeye aliyeendesha gari la Taveta, ni kaka yake, hapana, kaka yake alikuwa wa darubini. Mabishano hayo ni uhakiki kamili, na nimeona vitabu vilivyochapishwa kwa uhakiki hafifu kuliko huo.

Mara moja palitokea mgogoro. Marehemu alikuwa mtu wa usiku, na wazee wote walitaka iandikwe kwamba alikuwa chambo. Mtoto wake mkubwa, mtu mwenye cheo huko Dar es Salaam, akakataa katakata. Alisema haiwezekani isomwe mbele za watu kwamba baba yake alilipwa ili aumwe na mbu, kama mnyama wa majaribio. Wazee nao wakakasirika: walikuwa wakijua hatari, walimeza dawa zao, na bila miguu yao nusu ya mambo yanayojulikana kuhusu mbu wa Tanga yasingejulikana. Kwao ilikuwa sifa. Kwa kijana ilikuwa aibu. Mimi naona kila upande ulikuwa na lake. Kijana alikuwa anauliza swali ambalo halikuulizwa wakati ule: kwa nini miguu ilikuwa ya hawa na jina la makala likawa la wale? Wazee walikuwa wanasema kwamba hata hivyo kazi ilikuwa yao. Mjane ndiye aliyeamua. Alisema, "Andika, mwalimu. Usiku wote huo mimi ndiye niliyelala peke yangu." Ikaandikwa, ikasomwa.

Gillies aliacha kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 2000. Ni haki yake, na wote waliopata kumjua husema alikuwa mpole. Kwa upande wa wasaidizi, majina yalianza kuonekana polepole. Katika miaka ya 1970 utakuta jina la Mtanzania msaidizi kando ya la Raybould katika makala za usubi. Wazee wanazijua makala hizo chache kwa kurasa zake. Halafu katika miaka ya 2010 wanaanthropolojia Wenzel Geissler na Ann Kelly walifanya jambo ambalo mwanzoni niliposikia nililiona kama mchezo: waliwarudisha Amani watafiti wazee kutoka Ulaya pamoja na wasaidizi wao wa zamani, wakawaomba waigize upya kazi zao katika vyumba vile vile. Baada ya zile sindano za mke wangu nimebadili mawazo. Kuna mambo ambayo mzee ukimuuliza hana jibu, lakini ukimpa chombo mkononi anayo.

Leo kazi kubwa ya kituo imeshuka Muheza, penye barabara ya lami na penye mbu. Kule juu misitu imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na wageni huja kutazama vipepeo na ile dugwi ya zambarau ya Usambara ambayo Wazungu huipanda kwenye vyungu madirishani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Kijerumani pale Zigi imefanywa mahali pa kupokelea wageni. Kuna mabango yanayoeleza miti. Wanaoongozwa huambiwa habari za Stuhlmann.

Ninalo daftari kubwa, la mistari, lenye majina. Kila jina lina mwaka wa kuanza kazi, idara, na kitu alichokiweza kuliko wenzake: kupasua, kaa, kupaka rangi vioo vya damu, kuendesha gari kwenye tope, kutuliza wanakijiji wasioamini watu wa dawa. Waliobaki hai wanahesabika kwa vidole. Mmoja wao yuko Korogwe kwa binti yake, naye ndiye pekee anayezijua nyumba zote za Taveta zilizoachwa bila kupuliziwa ili zilinganishwe na nyingine. Simu yake haipatikani tangu Ramadhani. Nimempa mjukuu wake nauli na daftari jipya, na nimemwelekeza aanze na swali lile lile la wazee, kisha anyamaze asikilize.